Prosesa nyingi, kumbukumbu moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu makufuli ndani ya kompyuta

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanafunzi na wenzangu wa kazi wanaoandika programu. Mifano mingi nimeitoa kwenye Linux, maana ndiyo keneli (kiini cha mfumo endeshi, kinachogawa prosesa na kumbukumbu kwa programu) ambayo yeyote anaweza kuifungua akaisoma, na ndiyo iliyo ndani ya simu za Android mlizoshika mikononi. Penye istilahi ya Kiswahili iliyozoeleka nimeitumia, penginepo nimefuata watu wanavyosema.

Kwani prosesa mbili zikitumia kitu kimoja kuna ubaya gani?

Aliyewahi kukaa nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na bafu moja uani hahitaji kuelezwa sana. Bafu ni zuri, maji yapo, lakini saa kumi na mbili asubuhi wote mnalitaka kwa pamoja.

Ndani ya kompyuta hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa wapangaji hawaonani. Chukua salio la kikundi cha kuweka na kukopa, shilingi 100,000. Mwanachama mmoja anaweka 20,000, mwingine 30,000, na maombi yao yanaangukia kore (prosesa) mbili tofauti wakati uleule. Kwenye kodi umeandika mstari mmoja tu: salio += kiasi. Prosesa inaona hatua tatu: soma salio, jumlisha, andika. Kore ya kwanza inasoma 100,000. Kabla haijaandika, ya pili nayo inasoma 100,000. Ya kwanza inaandika 120,000, kisha ya pili inaandika 130,000 juu yake. Elfu ishirini za mtu zimeyeyuka, na hakuna ujumbe wa kosa hata mmoja.

Kinachoudhi ni kwamba ukiliwinda kosa hili halitokei. Ukiongeza mstari wa kuchapisha ili uone kinachoendelea, mwendo wa nyuzi (mifuatano ya amri za programu inayoendeshwa sambamba) unabadilika kidogo na kosa linajificha. Likishafika kwa wateja linajitokeza siku ya mwisho wa mwezi.

Haya yanatokea kweli, au ni ya mitihani?

Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini-mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, watu takriban milioni 50 wakabaki gizani. Chanzo cha kwanza kilikuwa nyaya kugusa miti huko Ohio, jambo la kawaida kwa shirika lolote la umeme. Ila chumba cha udhibiti kilikuwa kipofu: mfumo wa kengele za tahadhari ulikuwa umekufa zaidi ya saa moja bila mhudumu yeyote kujua. Uchunguzi wa baadaye uligundua kwamba michakato miwili iliandika kwenye data ileile kwa wakati mmoja, na programu ya kengele ikabaki inazunguka palepale bila kutoka. Mfumo huo ulikuwa umefanya kazi muda mrefu sana bila kuonyesha dalili hiyo.

Kore na prosesa ni kitu kimoja?

Kwa ukurasa huu, ndiyo. Kore ni prosesa kamili. Siku hizi kadhaa hukaa kwenye chipu moja. IBM ilitoa POWER4 yenye kore mbili mwaka 2001, na Intel na AMD zikazileta kwenye kompyuta za kawaida mwaka 2005, baada ya kuona kwamba kuongeza kasi ya saa kunazalisha joto lisilobebeka. Tangu hapo mwandishi wa programu ndiye aliyebebeshwa mzigo: mashine haiendi kasi zaidi yenyewe, inakupa mikono zaidi na kukuachia ugomvi wake.

Kufuli ni nini hasa?

Ni makubaliano. Neno moja la kumbukumbu: 0 maana yake hakuna mtu, 1 maana yake kuna mtu. Kabla ya kugusa salio, kila uzi uangalie neno hilo. Ukikuta 0 uweke 1, ufanye kazi yako, kisha urudishe 0.

Mwanafunzi makini huruka hapohapo: na nyuzi mbili zikikuta 0 kwa pamoja? Ndilo swali lenyewe. Komeo nalo linagombaniwa kabla ya bafu.

Mholanzi Edsger Dijkstra alilichapisha tatizo hili na jibu lake mwaka 1965, akimtaja mwenzake Dekker kuwa ndiye aliyelipatia jibu la prosesa mbili. Mwaka 1981 Gary Peterson akatoa jibu fupi linalonifurahisha hadi leo kwa adabu yake. Kila upande unatangaza "nataka kuingia", kisha unamwambia mwenzake "lakini tangulia wewe". Ukikuta mwenzako hataki, au naye amekwisha kukuambia utangulie, unaingia.

Sasa onyo, kwa sababu kila mwaka kuna mtu anaikopi hesabu ya Peterson kutoka kitabuni na kushangaa. Kwenye kompyuta yako haifanyi kazi ilivyo. Prosesa za x86 (aina ya Intel na AMD) huweka maandishi kwenye kijistoo cha kusubiri kabla hayajafika kwenye kashe, kumbukumbu ndogo iliyo karibu na kore, na huku zinaendelea kusoma mambo mengine. Kore zote mbili zinaweza kuona kwamba mwenzake hajasema "nataka", kumbe amesema ila sauti haijafika. Unahitaji kizuizi cha kumbukumbu, amri kama MFENCE, kinachoiambia prosesa: hakuna kusoma zaidi mpaka ulichoandika kionekane kwa wote.

Kwa hiyo makufuli ya leo husimama juu ya amri maalumu za chipu yenyewe, zinazosoma na kuandika kwa pigo moja lisilokatika katikati. Mashine za IBM System/370 za miaka ya 1970 zilikuwa na amri ya kulinganisha na kubadilisha: "kama hapa bado kuna 0, weka 1, kama si 0, niambie." Kwenye x86 utaiona kama LOCK CMPXCHG. Familia ya ARM ilipita njia nyingine: LDREX inasoma na kuacha alama, STREX inaandika ikiwa tu alama haijaguswa na mwingine.

Kuna spinloki na kuna myuteksi. Nichague ipi?

Umefika uani umekuta komeo limefungwa. Unaweza kusimama mlangoni na taulo begani, ukijaribu mlango kila nukta. Hiyo ni spinloki. Au unaweza kurudi chumbani ukajilaza na kumwomba aliyemo akugongee akitoka. Hiyo ni myuteksi.

Kusimama mlangoni kunafaa kama aliyemo ananawa mikono tu. Kurudi kulala kuna gharama zake: keneli inapaswa kuhifadhi hali ya uzi wako, kumweka mwingine kwenye kore, kisha baadaye kukuamsha. Kazi inayolindwa ikiwa ni ya amri chache, kulala na kuamka kunakula muda kuliko kazi yenyewe. Ikiwa aliyemo anafua nguo za wiki nzima, mathalani anasoma diski, basi kusimama mlangoni ni kuichoma kore bure.

Katika programu za kawaida tumia myuteksi ya lugha yako na usihangaike. Kwenye Linux imejengwa juu ya kitu kiitwacho futeksi: kufuli likiwa wazi, uzi unalichukua bila kuigusa keneli kabisa, na keneli huitwa pale tu panapotakiwa mtu alale. Ndani ya keneli sheria ni kali. Ukishika spinloki huruhusiwi kulala, kwani wenzako wanachoma kore zao wakikungoja. Na data inayoguswa pia na mshughulikiaji wa ukatizaji, yule anayeitwa kadi ya mtandao ikipiga kengele, lazima uilinde kwa kuzima ukatizaji kwenye kore yako kwanza. Vinginevyo kengele inalia huku umeshika kufuli, mshughulikiaji analitaka kufuli lilelile, na kore inajisubiri yenyewe milele.

Semafori je?

Ni kufuli lenye hesabu. Mabafu yakiwa matatu, semafori inaanza na 3. Kila anayeingia anapunguza, kila anayetoka anaongeza. Inafaa kwa vitu kama idadi ya miunganisho ya hifadhidata. Kwa kulinda salio, tumia myuteksi: ina mwenyewe anayejulikana, na hilo utaliona umuhimu wake tukifika Mars.

Kufuli likifunguliwa, nani anaingia?

Zamani jibu la Linux lilikuwa: mwenye bahati. Spinloki hazikuwa na foleni. Likifunguliwa, kore iliyo karibu na kumbukumbu hiyo inaliona kwanza na kulinyakua, na kwenye mashine kubwa kore ya mbali inaweza kukaa ikikodoa macho muda mrefu wa kutia huruma.

Leslie Lamport alikuwa ameshapendekeza mwaka 1974 kwamba kila mtu achukue namba, kama wateja kwenye duka la mikate. Linux ilifika huko mwaka 2008, toleo la 2.6.25: unachukua namba yako, unatazama namba inayohudumiwa, ikifika yako unaingia. Haki ikapatikana, ila likazuka tatizo la pili. Wote mnatazama kibao kimoja. Kila namba inapobadilika, kore zote zinazosubiri hupoteza nakala yake na kukimbilia kuisoma upya, hata ile yenye namba ya mwisho kabisa.

Mwaka 1991 John Mellor-Crummey na Michael Scott walikuwa wamekwisha kuandika dawa yake, na ukiifikiria utaikuta kila penye bomba la maji la mtaa. Ndoo ziko kwenye mstari, kila mwenye ndoo amekaa kivulini na hamna haja ya wote kukodolea bomba. Anayemaliza anamgusa bega anayemfuata, basi. Kila kore inasubiri kwenye neno lake yenyewe la kumbukumbu, na aliye mbele yake ndiye analibadilisha. Linux iliichukua fikra hiyo, ikaibana ili itoshe ndani ya baiti 4, na tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015 ndiyo spinloki ya mashine za x86.

Nimeongeza nyuzi na programu imekuwa polepole zaidi. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nililijua kwa aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kuandika programu ya kujumlisha miamala ya mfanyabiashara mmoja wa jumla. Nyuzi nane, safu ya vihesabio vinane, kila uzi na kihesabio chake. Hakuna kufuli, hakuna kugombana, nikajisifu. Uzi mmoja peke yake ulimaliza kazi mapema kuliko nyuzi nane pamoja. Nilimlaumu aliyetuuzia mashine kwa siku mbili nzima.

Kosa lilikuwa kwenye kashe. Kore haiendi kwenye kumbukumbu kuu kila mara, kwani huko ni mbali: kashe ya karibu hujibu kwa mizunguko minne au mitano ya saa, kumbukumbu kuu kwa mamia. Kwa hiyo kila kore hujiwekea nakala. Nakala hizo lazima zisipingane, na kuna itifaki ya kuzilinganisha, maarufu ikiwa MESI, iliyochapishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1984. Kanuni yake kuu ni hii: wengi wanaweza kusoma kwa pamoja, lakini anayetaka kuandika lazima awanyang'anye wengine wote nakala zao kwanza.

Na kashe haibebi neno mojamoja. Inabeba mstari mzima, baiti 64 kwenye x86 nyingi. Vihesabio vyangu vinane vya baiti 8 kila kimoja vilikuwa baiti 64 kamili. Mimi niliona vihesabio vinane vyenye wenyewe tofauti. Mashine iliona kitu kimoja kinachogombaniwa na kore nane, kikirushwa huku na huku mara mamilioni kwa sekunde. Wapangaji walikuwa na sabuni tofauti ila kwenye sinia moja, na kila anayetaka sabuni yake anaondoka na sinia lote.

Dawa ilikuwa mistari miwili ya kodi: kila uzi ujumlishe kwenye kigeu chake cha ndani, na uandike jumla kwenye safu mara moja tu mwishoni. Njia nyingine ni kuvitenganisha vihesabio kwa nafasi tupu ili kila kimoja kiwe na mstari wake.

Tangu siku hiyo sianzi tena kwa kuuliza "niweke kufuli gani?" Naanza kwa kuuliza kama hiki kitu kinahitaji kushirikiwa hata kidogo. Mara nyingi hakihitaji.

Kufuli moja kubwa au madogo mengi?

Anza na moja kubwa. Najua wajuzi watanuna, lakini kodi yenye kufuli moja inaeleweka, na yenye arobaini inaeleweka na aliyeiandika, kwa wiki mbili.

Linux yenyewe ilianza hivyo. Ilipoanza kutumia prosesa nyingi katika toleo la 2.0 mwaka 1996, keneli nzima ilikuwa na kufuli moja: prosesa moja tu ndiyo ingeweza kuwa ndani kwa wakati. Kwa mashine za prosesa mbili ilitosha. Kuligawa vipande kulichukua miaka 15. Mabaki yake ya mwisho yaliondolewa katika toleo la 2.6.39 mwaka 2011.

Gharama yake inahesabika. Gene Amdahl alieleza mwaka 1967 kwamba sehemu isiyogawanyika ndiyo inayotawala. Asilimia 10 ya kazi yako ikifanyika ndani ya kufuli, kore 8 zitakupa kasi ya mara 4.7 hivi, na hata ukinunua kore elfu moja hutafika mara 10. Pima kwanza, kisha gawa kufuli lile tu linalobana.

Mkwamo ni nini?

Wengine husema dedloki. Uzi wa kwanza unahamisha fedha kutoka akaunti ya A kwenda B: umelifunga kufuli la A, unangoja la B. Wa pili unahamisha kutoka B kwenda A: umelifunga la B, unangoja la A. Hakuna anayekosea, na hakuna atakayeondoka.

Mwaka 1971 Coffman na wenzake walionyesha kwamba lazima mambo manne yakutane: kitu kitumiwe na mmoja tu kwa wakati, mtu ashike kimoja huku akingoja kingine, asiweze kunyang'anywa, na kusubiriana kuwe kwa duara. Vunja moja tu, mkwamo hauwezi kutokea. Kwa vitendo, la nne ndilo rahisi: wekeni utaratibu kwamba makufuli hufungwa kwa mpangilio mmoja, tuseme akaunti yenye namba ndogo kwanza, hata kama fedha inaelekea upande wa pili. Linux ina mlinzi wa mpangilio huo, lockdep, tangu 2006. Huandika mfuatano wa kila kufuli linalofungwa, na ukiupindua siku moja inakupigia kelele hata kama mkwamo wenyewe haujatokea.

Ni kweli kuna chombo kilichokwama Mars kwa sababu ya kufuli?

Kweli. Mars Pathfinder ilitua tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Ilikuwa na prosesa moja tu, lakini kazi nyingi za vipaumbele tofauti, na ugomvi ni uleule.

Kazi ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilishika kufuli la njia ya kupitishia data. Kazi kubwa inayosimamia njia hiyo ikalitaka, ikangoja. Hadi hapo sawa. Kisha zikaja kazi za kati, za mawasiliano, zisizohitaji kufuli lolote; kwa kuwa zina kipaumbele kuliko ile ya hali ya hewa, zikaipokonya prosesa. Mdogo hawezi kumaliza, kwa hiyo hawezi kufungua, na mkubwa anangojeshwa na watu wa kati wasiohusika kabisa. Mlinzi wa muda akiona kazi kubwa haijakamilika, anawasha mashine upya.

Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA, waliiga hali hiyo kwenye mashine iliyobaki duniani, wakaiona, na kurekebisha kwa kubadilisha mpangilio mmoja kutoka huku: kurithi kipaumbele. Anayeshika kufuli linalongojwa na mkubwa anaazimwa ukubwa huo mpaka afungue. Ndiyo maana nilisema myuteksi ina mwenyewe. Bila kumjua mwenyewe, humjui wa kumwazima.

Naweza kusoma bila kufuli lolote?

Ikiwa wasomaji ni wengi na waandishi ni wachache, ndiyo. Linux ina mbinu ya RCU (read-copy-update, yaani soma, nakili, sasisha), iliyoingia mwaka 2002 kwa kazi ya Paul McKenney na wenzake. Anayetaka kubadilisha hagusi kilichopo. Anatengeneza nakala, anairekebisha, kisha anageuza kielekezi kimoja (neno linaloshika anwani ya data) kielekee nakala mpya. Aliyekuwa akisoma ya zamani anaendelea nayo hadi amalize. Anayekuja sasa anakuta mpya. Ya zamani hufutwa pale tu ambapo wasomaji wote waliokuwamo wametoka. Kazi ngumu yote ni kujua wametoka lini, na hapo usijiandikie yako.

Ninatumia Python. Yananihusu?

Kwa muda mrefu Python ya kawaida ilikuwa na kufuli moja kubwa la mkalimani (programu inayosoma na kutekeleza kodi yako), kama lile la Linux ya 1996: nyuzi nyingi, mmoja tu ndiye anayetekeleza kodi ya Python. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilileta muundo wa majaribio usio na kufuli hilo. Ila hata penye kufuli, salio += kiasi bado linaweza kukatwa katikati. Kufuli hilo linamlinda mkalimani, halilindi salio lako.

Kwenye vichipu vidogo kama Raspberry Pi Pico?

Chipu yake ya RP2040 ina kore mbili za Cortex-M0+, na aina hiyo ya kore haina LDREX wala STREX. Waundaji wakaweka spinloki 32 za maunzi. Unasoma rejista: ukipata namba isiyo sifuri, kufuli ni lako, ukipata sifuri, mwenzako kakuwahi. Kuandika chochote humo ni kufungua. Kwangu ni somo zuri kuliko mihadhara mingi, na bei yake mwanafunzi anaimudu.

Nijaribu vipi mwenyewe?

Andika kwa C nyuzi mbili, kila mmoja uongeze kihesabio kimoja mara milioni moja, bila kufuli. Zima uboreshaji wa kikusanyaji (programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine) kwa -O0, la sivyo kinaweza kuugeuza mzunguko wote wa kurudia kuwa jumla moja na usione kitu. Jumla itatoka pungufu ya milioni mbili, na kila ukiendesha itakuwa tofauti. Weka myuteksi, upime muda. Kisha kila uzi upe kihesabio chake, vikiwa jirani. Kisha vitenganishe kwa baiti 64. Kwenye Linux, amri ya perf c2c itakuonyesha mistari ya kashe inayogombaniwa, kama prosesa yako inaikubali.

Halafu kusanya upya ile ya kwanza kwa -fsanitize=thread, kwenye GCC au Clang, uiendeshe. Ripoti itataja sehemu mbili za kodi zilizogongana. Soma zote mbili, hata ile ambayo hukuiandika wewe.